Namna ya kufuatilia Daraja la Kwanza Kundi A la hoki ya barafuni ya wanawake na kujua nani anapanda

Wasichana ninaoteleza nao kwenye uwanja wa barafu wa Panari, Mombasa Road, Nairobi, wanawajua nyota wa Kanada na Marekani kwa majina na namba za jezi. Si ajabu. Tangu mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake pale Ottawa mwaka 1990, karibu kila fainali imekuwa ya hao wawili. Mwaka 2019 tu ndipo Finland ilipopenya hadi fainali, ikiwa nyumbani Espoo. Lakini mtu akiniomba nimfundishe kufuatilia hoki ya barafuni, namwanzishia ngazi moja chini, kwenye Daraja la Kwanza Kundi A. Huko timu sita zinakutana mji mmoja kwa wiki moja, na wiki hiyo inaamua mwaka wao mzima.

Kwanza ijue ngazi yenyewe. Juu kabisa kuna timu kumi. Chini yake ndiyo hiyo Daraja la Kwanza Kundi A yenye timu sita, kisha Daraja la Kwanza Kundi B, halafu la Pili A na B, na la Tatu A na B. Usichanganyikiwe na neno “kundi”: Kundi A na Kundi B hapa hazilingani, B iko chini ya A. Katika Kundi A kila timu inacheza na nyingine zote mara moja, yaani mechi tano kwa kila timu na kumi na tano kwa jumla. Hakuna nusu fainali wala fainali. Wawili wa kwanza wanapanda, wa mwisho anashuka, na nafasi yake inachukuliwa na bingwa wa Kundi B.

Mashindano haya kwa kawaida huwa mwezi wa Aprili, kwa hiyo ukifika Machi anza kutafuta ratiba kwenye tovuti ya IIHF, shirikisho la kimataifa. Saa zinazoandikwa ni za mji mwenyeji. Mwaka 2024 yalikuwa Klagenfurt, Austria, ambako mwezi huo wako nyuma yetu kwa saa moja: mechi ya huko saa moja na nusu jioni, hapa Nairobi ni saa mbili na nusu usiku. Mwaka 2023 na 2025 yalikuwa Shenzhen, China, na wao wametutangulia kwa saa tano, kwa hiyo mechi yao ya jioni inakukuta kazini baada ya chakula cha mchana. Panga mapema, hasa siku mbili za mwisho.

Sasa msimamo. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Ukishinda ndani ya hizo dakika 60 unapata pointi 3, na aliyefungwa hapati kitu. Zikiisha mko sare, kila mmoja ana pointi 1 mfukoni, na atakayeshinda katika muda wa nyongeza au penalti anaongezewa moja, ziwe 2. Kwenye msimamo utaona W, huo ni ushindi wa dakika 60. OTW ni ushindi uliopatikana baadaye. OTL ni kufungwa baadaye. L ni kufungwa kabisa. Watu wengi wanaruka hiyo safu ya OTL. Mimi naanza nayo, na hapa chini utaona sababu.

Sisi tuliolelewa na ligi za mpira wa miguu tumezoea kwamba timu zikilingana pointi tunatazama tofauti ya mabao. Huku sivyo. Kinachotazamwa kwanza ni nani alimfunga nani. Zikilingana timu mbili, mechi yao wenyewe kwa wenyewe ndiyo inayoamua, hata kama mmoja alimtandika mnyonge wa kundi mabao kumi na mbili. Zikilingana tatu, chukua karatasi uchore msimamo mdogo wa hizo tatu peke yake, ukihesabu tu mechi walizokutana. Zikibaki sawa hapo, ndipo unatazama tofauti ya mabao ndani ya mechi hizohizo, kisha mabao waliyofunga.

Tuifanye kwa mikono. Tuseme bingwa ameshajulikana, na nyuma yake Norway, Slovakia na Ufaransa zote zina pointi 9, zinagombea tiketi moja iliyobaki (matokeo haya nimeyatunga ili tujifunze tu). Norway aliifunga Slovakia 3–1. Slovakia aliifunga Ufaransa 2–1, lakini katika muda wa nyongeza. Ufaransa aliifunga Norway 2–0. Chora sasa: Norway ana pointi 3 kutoka kwa Slovakia na 0 kutoka kwa Ufaransa, jumla 3. Slovakia ana 0 na 2, jumla 2. Ufaransa ana 1 na 3, jumla 4. Ufaransa amepanda. Norway anaweza kuwa na mabao mengi kuliko wote wawili na bado akabaki chini. Na angalia kilichompandisha Ufaransa: ile pointi moja ya mechi aliyofungwa na Slovakia. Angefungwa ndani ya dakika 60, jumla yake ya mashindano ingeshuka hadi 8, Slovakia angefikia 10, na tiketi ingekuwa ya Slovakia bila hata kuchora msimamo mdogo.

Ndiyo maana nakuomba usiondoke mechi ikiwa sare na zimebaki dakika tatu. Tazama mabeki. Timu ambayo pointi moja inaitosha itaacha kupeleka mabeki mbele. Itapiga paki, kile kisahani cheusi cha mpira, hadi mwisho wa uwanja na kwenda kubadilisha wachezaji. Timu inayohitaji tatu itabaki inasukuma, na kila anayepanda anaacha pengo nyuma yake. Kipenga cha nyongeza kikilia, wanabaki watatu kwa watatu pamoja na makipa kwa dakika tano, na bao la kwanza linamaliza kazi. Barafu inakuwa wazi mno. Mchezaji mwenye kasi akipokonya paki katikati ya uwanja anakwenda peke yake na kipa. Hapo utaona jinsi wanawake hawa wanavyojua kuteleza, maana sheria za mchezo wa wanawake zinaadhibu kumgonga mwenzako kwa mwili kama wanaume wanavyofanya, na anayeadhibiwa anaiacha timu yake pungufu kwa dakika mbili.

Siku moja kabla ya mechi za mwisho, keti na karatasi yako. Andika kila timu ina pointi ngapi, imebakiza nani, na imeshamfunga nani. Halafu tafuta mechi inayomkutanisha wa pili na wa tatu, au wa tano na wa sita. Hizo ndizo za kutazama. Mechi ya bingwa ambaye ameshapanda naweza kuikosa bila kinyongo. Ya wa tano na wa sita siikosi, kwa sababu kushuka kwenda Kundi B kunauma: huko ni bingwa peke yake anayerudi. Uholanzi ilishuka hivyo mwaka 2023, Korea Kusini ikapanda baada ya kushinda Kundi B nyumbani kwao Suwon, na mwaka uliofuata zikabadilishana tena.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya wanaopanda. Kule juu timu kumi zinagawanywa nusu mbili: watano wenye nguvu upande mmoja, watano wa chini upande wa pili. Wenye nguvu wote watano wanaingia robo fainali hata wakifungwa kila mechi. Upande wa pili wanaingia watatu, na wawili wa mwisho wanashuka. Aliyetoka kupanda anapelekwa huko, kwa hiyo kazi yake ina jina moja: nafasi ya tatu. Hungary iliyopanda 2019 ilifanikiwa mwaka 2022, ikafika robo fainali, kisha ikashuka 2023 na kupanda tena 2024 pamoja na Norway. Denmark ilipanda 2019, ikashuka 2022, ikapanda 2023 ikiwa nyuma ya China, na zote mbili zikashuka 2024. Ufaransa ilipanda 2022 na kushuka 2023. Naona wanaonewa. Timu inapewa mechi nne kuthibitisha kwamba inastahili, wakati wapo juu wasioweza kuguswa na kushuka mwaka huo. Na ukidhani wakubwa hawashuki, kumbuka Sweden: walichukua medali ya fedha ya Olimpiki pale Torino 2006 baada ya kuwatoa Wamarekani nusu fainali, na 2019 wakashushwa daraja.

Ukitaka kuwajua wachezaji kabla ya Aprili, fuatilia ligi ya Sweden, SDHL, ambako wengi wa nchi hizi huajiriwa, na EWHL, inayokutanisha klabu za Austria, Hungary na majirani zao. Nilimfuata Theresa Schafzahl wa Austria tangu akicheza chuo kikuu cha Vermont hadi Boston kwenye ligi ya kulipwa. Kwa hiyo Austria ilipopanda kwa mara ya kwanza pale Shenzhen mwaka 2025, niliipokea kama habari ya nyumbani.

Wasichana wa Panari huniuliza sisi tutaanzia wapi. Kenya ilipokelewa IIHF kama mwanachama mshiriki mwaka 2024, na barafu yetu ni ndogo kuliko uwanja rasmi. Timu mpya inaingilia chini, kwenye Daraja la Tatu. Kutoka Tatu B hadi juu kabisa ni kupanda mara sita, na ngazi ya tano inakufikisha Kundi A hili tunalolizungumzia. Hakuna anayerushwa ngazi mbili kwa mwaka mmoja, hata akishinda mechi zote.