Mambo ya kuzingatia kabla ya kupaka bastola mafuta na kuikinga na kutu

Chomoa magazini, vuta nyuma slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza), tazama ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha ipapase kwa kidole. Kama ni rivolva, fungua silinda uhakikishe kila tundu ni tupu. Risasi zote zitoke chumbani. Hilo halina mjadala.

Sasa jiulize unataka mafuta yafanye kazi gani, maana kulainisha na kuzuia kutu ni kazi mbili. Mafuta membamba hupenya vizuri kwenye maungio, lakini huchuruzika na kukauka, chuma kikabaki wazi. Grisi hukaa pale ulipoiweka, ila kwenye baridi kali huganda na kuzuia slaidi. Mafuta ya aina ya CLP husafisha, hulainisha na hulinda, yote kwa kiasi: yanaifaa bastola inayoshikwa kila wiki, hayaifai ile itakayofungiwa miezi sita. Hiyo itafutie mafuta mazito ya kuhifadhia. WD-40, iliyobuniwa mwaka 1953, kazi yake ya asili ni kufukuza maji. Itumie hivyo bastola ikilowa, ifute, kisha upake mafuta ya kudumu. Mafuta ya kupikia usiyaguse kabisa, yanageuka ulimbo. Oili chafu ya injini nayo imejaa masizi na asidi.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyodhani. Tafuta sehemu zilizosuguka hadi zikang'aa, hapo ndipo chuma kinagusana na chuma: tone moja kwa kila reli ambayo slaidi huteleza juu yake, tone moja juu ya mtutu unapojifunga na slaidi, na tone moja kwenye maungio ya triga. Vuta slaidi mara tano. Mafuta yakichuruzika nje, umezidisha, futa. Tundu la pini inayogonga fataki (kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha risasi) liache kavu, kwa sababu mafuta yakichanganyika na masizi hufanya tope linalopunguza nguvu ya pini, na risasi hailipuki. Ndani ya magazini pia pawe pakavu. Mafuta yanayopenya huweza kuingia kwenye fataki na kuiua.

Bastola ya chuma kisichoshika kutu nayo hushika kutu, inachelewa tu. Tena fremu na slaidi za chuma hicho hicho hupenda kukwaruzana na kung'ang'aniana, kwa hiyo reli zake zipe grisi. Iliyopakwa nikeli isisafishwe kwa dawa yenye amonia, inaweza kubambua nikeli hiyo.

Linalowaponza wengi ni chumvi. Watu wanaamini mafuta yanaua kutu, wakati mafuta hayayeyushi chumvi hata kidogo. Risasi nyingi za akiba za kijeshi za zamani, zikiwemo za bastola ya Kirusi ya Tokarev za milimita 7.62, zina fataki zilizotengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Ukifyatua, klorati hiyo hubaki ndani ya mtutu ikiwa kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo jamaa na ile ya mezani, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani. Mtu anarudi kutoka uwanja wa shabaha, anapitisha brashi yenye dawa ya kuondoa masizi ya baruti, kitambaa kinatoka cheupe, anapaka mafuta na kulala. Kitambaa kilikuwa cheupe kwa sababu masizi yametoka. Chumvi iko pale pale, sasa imefunikwa na mafuta. Hewa ikiwa na unyevu, kesho yake kitambaa kinatoka na rangi ya kahawia, na ukimulika mtutu kwa tochi unaona vidoa kandokando ya mifereji iliyochongwa ndani yake. Vikigeuka vishimo, mafuta hayavirudishi.

Dawa yake ni maji. Siku hiyo hiyo, fungua bastola, mimina kama nusu lita ya maji ya moto kupitia mtutu kuanzia upande wa chemba, piga brashi, mimina tena. Osha pia uso wa slaidi unaokaa nyuma ya risasi. Wengine hutia amonia, lakini kazi inafanywa na maji. Kausha kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, safisha kama kawaida, paka mafuta, na kesho yake kagua tena. Jasho ni chumvi vilevile: kila ukimaliza kuishika, ifute yote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa alama za vidole.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu, na huweza kubaki na chumvi za kiwandani. Sanduku lenye sponji nalo hufungia unyevu. Weka kwenye kabati lenye kufuli, unyevu wa hewa usizidi asilimia 50, pamoja na silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu. Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 za Selsiasi. Kagua kila mwezi. Kabla ya kufyatua tena, pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu, kwani grisi nzito iliyoachwa humo hupandisha shinikizo. Dawa za kusafishia zitumie dirisha likiwa wazi, mbali na moto, ukiwa na glavu, na unawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto, kwa sababu masizi yale yana madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu.