Majivu ya mbabula
Wakaaji wa Bukavu, kiangazi majivu ya mbabula, jiko la makaa, msiyaamini. Juu yanaonekana meupe, yamepoa kabisa. Chini kaa moja linaweza kukaa hai hadi kesho yake. Mimi huyatia kwenye ndoo ya chuma, namwaga maji, nakoroga kwa kijiti, kisha napitisha kiganja juu bila kugusa. Joto likipanda bado, maji tena.

Na takataka? Kadutu, sehemu ya mji wetu, nyumba za mbao zimebanana mlimani, na moto hupanda mteremko haraka kuliko unavyoshuka. Ukilazimika kuchoma majani, choma asubuhi upepo ukiwa umetulia, bidoni ya maji ikiwa karibu. Plastiki usichome kamwe, hata jirani akikucheka: moshi wake ni sumu.