Jinsi ya kujiandaa na mchujo wa Green Berets, makomando wa jeshi la Marekani (SFAS): miguu, ramani na kichwa

Wakuu habari za saa hizi. Hili swali naulizwa sana na vijana wetu walioko jeshini huku Marekani, Wabongo, Wakenya, Wakongo, "kaka nataka kwenda Special Forces naanzia wapi", alafu ukiwauliza wanafanya mazoezi gani wanakwambia chuma, kifua jumatatu, mikono jumanne, na picha za gym juu. Mimi niko Fayetteville, North Carolina, jirani kabisa na kambi ya jeshi ya Fort Bragg, na kuwanoa askari kwa ajili ya huu mchujo ndo kazi yangu, kwaiyo naandika hapa hatua kwa hatua ili nisirudie rudie.

Kwanza ujue unakwenda kwenye nini. SFAS (Special Forces Assessment and Selection, yani mchujo wa kuingia Special Forces, ndo hao hao Green Berets) imeanza 1988, inafanyika kambi ya Camp Mackall, wiki tatu na ushee hivi. Pale hupigiwi kelele kama kuruta. Mkufunzi hakwambii umbali, hakwambii muda, hakusifii, hakutukani, anakuangalia tu anaandika. Maelekezo yako kwenye ubao, unasoma unafanya. Wale mliopita JKT mnajua mchakamchaka, mnakimbia pamoja, kuna mtu anapiga chenja wengine mnaitikia, uchovu unausahau. Huku hamna chenja, uko peke yako na hujui kama umebakiza maili moja au nane. Hiyo ndo inawatoa wengi kuliko uzito, na mazoezi yako yote inabidi yaelekee huko.

Hatua ya 1: Makaratasi

Usianze kutoka jasho kabla hujajua kama unaruhusiwa. Kwa Green Berets lazima uwe raia wa Marekani. Mwenye green card anaweza kujiunga na jeshi la kawaida na kuomba uraia kupitia utumishi, ila masharti ya muda yamekuwa yakibadilika badilika, kwaiyo muulize mtu wa ofisi mwenye karatasi mkononi, usimuulize mshkaji. Kama ni raia na hujaingia jeshini bado, kuna mkataba wa 18X, wa raia anayelenga Special Forces moja kwa moja, hapo unapitia mafunzo ya infantri (askari wa miguu) Fort Benning wiki 22, alafu shule ya parachuti wiki 3, ndo unaletwa huku. Kiingereza pia kipolishe, mana kuna mitihani ya karatasi, wa akili na wa kujifunza lugha, na watu hawausomei.

Hatua ya 2: Miguu na raki

Hapa nitakaa sana.

Raki, lile begi la mgongoni, litakuwa na paundi 45 kavu, yani kilo 20, bila maji wala chakula. Ukiongeza maji, msosi na bunduki unavuka paundi 60. Na unatembea kwenye mchanga, mana eneo lote lile ni Sandhills, misonobari na mchanga, aliyewahi kutembea kwa haraka ufukweni na mzigo anajua vigimbi vinavyowaka.

Anza na paundi 30, maili 4, mwendo wa dakika 15 kwa maili. Mara moja kwa wiki. Wiki inayofuata ongeza umbali AU uzito, usiongeze vyote viwili. Ukishazoea fanya mara mbili kwa wiki, usizidishe, na usiweke siku mbili mfululizo, mana mifupa inachelewa kukomaa kuliko misuli, misuli inakwambia twende mfupa wa muundi unapasuka kimya kimya unakuja kushtuka umevaa buti la plastiki wiki nane. Na usikimbie na raki mazoezini! Nyoosha hatua, tembea haraka, kwenye mteremko tu ndo unaruhusiwa kukimbia kidogo kidogo. Lengo ni maili 12 na paundi 45 chini ya masaa matatu, na hicho ni kiwango cha chini, ukikifikia kwa kuhema kama bata hujafika bado.

Vitu vizito viweke juu na karibu na mgongo, vikining'inia chini begi linakuvuta nyuma na kiuno kinakufa.

Buti nunua mapema, ziwe aina iliyoruhusiwa na jeshi, uzivae hadi ziwe zako. Soksi za sufu, ndani yake vaa soksi nyembamba, jozi ya kubadilisha ikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Kucha kata siku kadhaa kabla ya safari, usikate usiku ule ule. Ukisikia sehemu inawaka simama SASA HIVI bandika tepu, dakika mbili hizo zinakuokoa siku tano. Lengelenge likishatokea toboa pembeni kwa sindano safi, toa maji, ngozi iache pale pale usiibandue. Usiku vua kila kitu miguu ipate hewa. Nimeona watu wana mapafu ya farasi wanarudishwa kwa sababu ya visigino.

Hatua ya 3: Mbio na nguvu

Hii fupi. Kimbia mara tatu kwa wiki, moja ndefu ya polepole, moja ya vipande vya haraka, moja ya kati. Pulapu, pushapu, kupanda kamba, skwati, kubeba mifuko ya mchanga. Kamba usiiache mana kuna kozi ya vikwazo inaitwa Nasty Nick, imepewa jina la Kanali Nick Rowe, jamaa alitekwa Vietnam 1963 akatoroka 1968, vikwazo vingine viko juu kweli kweli, kama unaogopa urefu zoea kabla.

Tahadhari moja: ukifanya mazoezi makali mkojo ukatoka rangi nyeusi nyeusi kama soda ya kola, nenda hospitali, usilale nayo, hapo misuli inavunjika na figo zinaumia. Na maji usinywe kama ngamia bila chumvi, chumvi ya mwili ikishuka sana unaweza kuzimia au kufa.

Hatua ya 4: Ramani na dira

Watu wenye nguvu wanafia hapa. Unapewa ramani ya 1:50,000, dira na protrakta (kipimapembe), unatafuta pointi porini peke yako, mwanzo kukiwa giza. GPS hamna, barabara huruhusiwi kuzitembea, ukikamatwa umeondoka.

Hesabu hatua zako kwa mita 100: hesabu mguu wa kushoto tu, wengi wanapata sitini na kitu kwenye tambarare. Alafu pima tena usiku, porini, na raki, utaona zinaongezeka, na hiyo namba ya usiku ndo ya kwako, ile ya mchana uwanjani sahau. Tofauti ya kaskazini ya ramani na ya dira isome pale chini ya ramani, pande hizi ni nyuzi 9 hivi magharibi, kwaiyo kutoka ramani kwenda dira unajumlisha. Ukigeuza hapo kimakosa umekosea nyuzi 18, kwenye kilometa tano uko zaidi ya kilometa moja na nusu pembeni, usiku, kwenye matope.

Matope yenyewe ndo mabonde ya vijito. Kwenye ramani kamstari kabuluu, chini ni kinamasi, miiba imesokotana, mtu anazama hadi kiunoni anatumia lisaa kuvuka mita 200. Zunguka kwa juu ikiwezekana, ila kama huna njia vuka sehemu nyembamba, moja kwa moja, na kabla ya kuingia chagua nyuzi zako za dira usije ukatokea upande ule ule ulioingilia (inatokea, msicheke). Kila kipande cha safari kiwe na kitu cha kukwambia umepitiliza, kijito, barabara, waya wa umeme. Kufanyia mazoezi tafuta klabu za orientiringi, mchezo wa kutafuta pointi kwa ramani na dira, ziko majimbo mengi na watu wazima wa pale wenye miaka 60 watakuaibisha.

Hatua ya 5: Kichwa

Mpe mtu raki yako na ramani, akupangie njia asikwambie urefu. Saa iache nyumbani. Ukimaliza akwambie "bado, zunguka tena", siku nyingine asiseme. Ukizoea kutojua, kutojua kunakosa nguvu.

Fikiria hadi mlo unaofuata, mbele ya hapo usifikirie. Na jiwekee sheria kwamba huachi usiku na huachi ukiwa na njaa, kula kwanza, lala hata nusu saa, ndo uamue. Kwa nilivyoona wengi hawaachi katikati ya maumivu, wanaacha asubuhi kabla ya tukio, wamekaa, wanawaza.

Hatua ya 6: Wiki ya timu

Mnapewa nguzo, kamba, matairi, mnatengeneza mkokoteni wa ajabu mnausukuma kwenye mchanga, kila mtu ana zamu ya kuongoza na mwisho mnaandikiana alama. Sisi tulikolelewa kumheshimu mkubwa huwa tunanyamaza hata tukiona fundo limefungwa vibaya, hapa ongea, sema kwa kifupi, wakikataa shika nguzo sukuma. Usipoonekana kabisa wenzako hawana cha kuandika.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwisho

Punguza mazoezi nusu. Lala. Kahawa na sigara acha mapema mana kichwa kitauma siku za kwanza. Orodha ya vifaa ifuate neno kwa neno, usiongeze ujanja. Kama goti linauma ahirisha, tarehe nyingine zipo. Ukimaliza wakasema hujachaguliwa mara nyingi unaruhusiwa kurudi baadaye, ila ukijitoa mwenyewe kurudi ni ngumu sana, kwaiyo waache wao ndo wakutoe.