Somo: Kutibu kisima kifupi kilichoingiwa na mafuriko

Tangu mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kisima kikiingiwa na maji ya mto, nitie klorini kiasi gani? Kiasi kipo hapa chini, lakini klorini ni kazi ya karibu na mwisho. Ukiimwaga kwenye maji ya tope, tope linaimaliza kabla haijawafikia vijidudu, nawe umetupa hela.

Hatua ya 1: Funga, kisha kagua. Mwenyekiti wa kitongoji atangaze kwamba kisima hakitumiki. Tazama sakafu ya zege, kifuniko, mfereji wa maji yanayomwagika, na vyoo vya jirani. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa bondeni. Ufa wowote uzibwe sasa.

Hatua ya 2: Toa maji na tope. Kama kuna pampu ya mkono, ing'oe pamoja na mabomba yake. Choteni mpaka mfike chini, mtoe matope, majani na mizoga.

Hapa ndipo watu hufa. Pampu ya petroli isishushwe kisimani wala kuwekwa mdomoni pake, kwa sababu moshi wake hutuama chini na hauonekani. Wapo wanaoshusha kibatari kupima hewa. Kikizimika, ni kweli hewa haitoshi. Kikiendelea kuwaka, bado hakijakuambia lolote kuhusu moshi ule. Anayeshuka afungwe kamba kiunoni, na juu wawepo watu wenye nguvu za kumvuta. Akinyamaza, vuteni; asishuke mwingine kumfuata.

Hatua ya 3: Sugua kuta kwa brashi na maji ya klorini, acha kisima kijae, chota tena hadi maji yawe maangavu.

Hatua ya 4: Hesabu, kisha tia dawa. Pima upana wa kisima na kina cha maji kwa mita. Nusu ya upana zidisha kwa nusu ya upana, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina, kisha kwa 1,000 upate lita. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya mita 2 kina kama lita 2,260.

Tumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, ile iitwayo HTH. Weka gramu 300 kwenye ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji. Unga ndio uingie kwenye maji, si maji juu ya unga. Vaa glavu, kaa upande upepo unakotoka. Kila lita 1,000 za kisima zinataka lita 10 za mchanganyiko huo, kwa hiyo kisima cha mfano wetu kinataka ndoo moja na lita mbili na nusu hivi. Rudisha pampu, piga mpaka harufu ya dawa itokee mdomoni, ili na mabomba yatibiwe.

Hatua ya 5: Acha usiku kucha. Asubuhi toa maji hayo mbali na bwawa la samaki na vitalu vya mpunga, mpaka kipimo cha klorini kisome miligramu 0.5 kwa lita au chini yake.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Dukani kwetu HTH hakuna, jiki ipo. Inafaa?*
Marahaba mwanangu. Inafaa, ila isiwe ya manukato, na usome asilimia kwenye chupa. Ya 3.5 inahitaji takribani lita 3 kwa kila lita 1,000 za kisima. Piga hesabu ya gharama kabla hujaanza. Pengine nauli ya kufuata HTH mjini ni nafuu.

*Tulitibu vizuri, baada ya wiki mbili watoto wanaharisha tena. Dawa ilikuwa mbovu?*
Si lazima, dada. Dawa ile huua vilivyomo siku hiyo tu. Maji mapya huingia kila saa. Kagueni tena sakafu na vyoo, mzungumze na afisa afya wa kata. Wakati huo maji ya kunywa yachemsheni au myatie vidonge vya kutibu maji nyumbani, na ndoo iwe na kifuniko. Mtoto anayeharisha apelekwe zahanati.

*Kamati yetu inataka kumwaga klorini kila Jumatatu badala ya kujenga sakafu upya. Unasemaje?*
Ndugu, nakataa. Jumatatu watu watakunywa dawa nyingi mno, Alhamisi haipo kabisa. Hela hiyo nunueni saruji.

*Sisi tuko karibu na bahari, maji yamekuwa ya chumvi. Tuongeze dozi?*
Hapana. Klorini haiondoi chumvi. Punguzeni kuchota kwa wiki kadhaa, maana kuchota sana huvuta maji ya bahari, kisha waiteni RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani wapime kabla hamjachimba kwingine.