Kuomba nafasi shule ya msingi ya kimataifa yenye mtaala wa Uingereza: hatua kwa hatua, na pale pesa zinapopotelea

Fomu yenyewe ni nyepesi. Jina la mtoto, majina ya wazazi, mzio kama upo, nani apigiwe simu mtoto akipandisha homa. Ukishawahi kumwandikisha mtoto popote pale, sehemu hiyo utaimaliza kwa mkao mmoja. Kazi iko kwenye tarehe tatu ambazo hakuna mtu ofisini atakayekukalisha chini akueleze: tarehe aliyozaliwa mtoto, tarehe ya mwisho ya kuiaga shule anayotoka, na tarehe ya mwisho ya kulipa amana huko anakokwenda. Tarehe hizo zikigongana, anayelipa ni mzazi. Mimi nimelipa, kwa hiyo nitaandika zaidi kuhusu hizo, mengine nitayapitia haraka.

Kabla ya kulipa chochote

Neno "British" kwenye kibao cha shule halina mwenyewe. Yeyote anaweza kulipachika getini pamoja na nembo yenye simba na taji. Uliza kama shule imekaguliwa chini ya mpango wa BSO, yaani ukaguzi wa shule za mtaala wa Uingereza zilizo nje ya nchi hiyo (British Schools Overseas), unaosimamiwa na wizara ya elimu ya huko tangu 2010. Ripoti zake si siri. Iombe, angalia tarehe yake, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya elimu ya awali kabla hujasoma yale ya bwawa la kuogelea.

Usichanganye mambo matatu. Kuwa kituo cha Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, maana yake shule imesajiliwa kufundisha mitaala na kutoa mitihani ya Cambridge. Kuwa mwanachama wa COBIS ni kuwa ndani ya umoja wa shule za kimataifa za Kiingereza, ambao nao una masharti yake. Ukaguzi wa BSO ni jambo la tatu. Shule inaweza kuwa na yote, moja, au ikawa na simba na taji tu.

Fanya hivyo mapema kwa sababu ada ya maombi hairudishwi, hata mtoto akikataliwa, hata darasa likiwa limejaa siku unayolipa. Uliza kwanza kwa barua pepe: je, kuna nafasi katika mwaka huu wa masomo, kwenye darasa hili? Wakikujibu kwamba "maombi yanakaribishwa muda wote", hawajakujibu. Uliza tena.

Mtoto anaingia darasa gani

Hapa wazazi wengi hukasirika bure, kwa hiyo tulia uhesabu. Mwaka wa masomo unaanza Septemba, na kikomo cha umri ni tarehe 31 Agosti. Mtoto aliyetimiza miaka 4 kufikia siku hiyo anaingia Risepsheni, ambayo ndiyo ngazi ya mwisho ya elimu ya awali chini ya EYFS, mfumo wa Uingereza wa watoto wadogo. Aliyetimiza 5 anaingia Mwaka wa 1. Kuanzia hapo ni ngazi kwa ngazi hadi Mwaka wa 6, anaoumaliza akiwa na miaka 11 au anakaribia kuitimiza. Mwaka wa 1 na wa 2 ni hatua ya kwanza ya shule ya msingi, wa 3 hadi wa 6 ni ya pili.

Tuseme mtoto mmoja amezaliwa 20 Agosti 2021 na mwenzake 3 Septemba 2021. Wamepishana wiki mbili tu. Wa kwanza anaanza Risepsheni Septemba 2025, wa pili anasubiri hadi Septemba 2026. Kupiga kelele hakutasaidia. Kama wako ni wa Julai au Agosti na unaona bado mdogo, omba kwa maandishi arudishwe ngazi moja, na uombe mwanzoni kabisa, ukiambatisha maoni ya mwalimu wake wa sasa. Shule zina uhuru wa kukubali au kukataa. Baada ya barua ya kukubaliwa kutoka, mlango huo hufungwa kimyakimya.

Jambo jingine: namba ya darasa haihami na mtoto. Kwenye mifumo inayoanza darasa la kwanza kwa miaka 6, mtoto wa darasa la pili anaangukia Mwaka wa 3. Bibi atadhani mjukuu amerushwa darasa. Hajarushwa. Andika tarehe ya kuzaliwa, kisha waache ofisini wakupe ngazi yake kwa maandishi.

Nyaraka

Cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya mtoto na za wazazi, kibali cha ukaazi kama ninyi ni wageni katika nchi hiyo, kadi ya chanjo, picha, ripoti za shule za miaka miwili iliyopita kwa wakubwa. Hayo unayajua. Usichoambiwa ni kwamba mfumo wa maombi wa mtandaoni mara nyingi hukataa faili kubwa bila kusema kwa nini. Kiduara kinazunguka kwenye skrini, nawe unazungushwa, mwisho unatolewa nje na kuambiwa uingie upya. Punguza ukubwa wa faili kabla, zipe majina mafupi yasiyo na alama, na piga picha ya skrini kila ukurasa unapokubali. Siku ofisini watakapokwambia "hatuioni kadi ya chanjo", utaitoa picha hiyo kwa upole kabisa.

Kama mtoto ana mahitaji maalumu ya kujifunza au lugha ya kufundishia bado inampiga chenga, liseme hapa. Msaada huo mara nyingi hulipiwa kando, na mikataba mingi inaipa shule haki ya kufuta nafasi ikigundua mzazi alificha.

Barua ya siri kutoka shule ya zamani

Hii ndiyo hatua iliyonila muda. Shule mpya haitosheki na ripoti uliyoituma wewe. Inataka taarifa ya siri inayojazwa na mwalimu wa darasa au mwalimu mkuu wa shule anayotoka mtoto na kutumwa moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwako. Ndani yake kuna maendeleo, tabia, mahudhurio, na swali ambalo wazazi hawalitegemei: je, ada zimelipwa zote?

Bila taarifa hiyo faili la mtoto haliendi popote. Nalo halikupigii simu kukuambia limekwama. Kwenye ukurasa wa maombi utaona tu "inashughulikiwa", neno lenye subira kuliko binadamu yeyote. Kwa upande wetu, ombi lilitua kwenye barua pepe ya mwalimu mkuu aliyekuwa likizoni, likalala humo. Shule mpya ikidhani ya zamani inachelewesha, ya zamani ikidhani haijaombwa, na kila nilipouliza nilijibiwa kwa adabu kubwa kwamba mpira uko upande wa pili.

Fanya hivi. Kabla ya kutuma maombi, mwone mwalimu mkuu wa sasa, mwambie mnaangalia shule nyingine, na muulize fomu hizo hutumwa kwa anwani ipi na huzijaza nani hasa. Mara nyingi ni karani wake, na huyo ndiye mtu wa kumjua kwa jina. Lipa deni lolote, hata la kitabu cha maktaba kilichopotea. Ukishatuma maombi, mwulize msajili wa shule mpya siku ombi la taarifa lilipotoka, kisha mjulishe yule karani siku hiyohiyo. Wewe ndiye tarishi, ingawa barua yenyewe huruhusiwi kuiona.

Siku ya kupimwa

Kwa wa Naseri, ngazi iliyo kabla ya Risepsheni, na wa Risepsheni yenyewe, huu si mtihani. Mwalimu anamwangalia mtoto akicheza: anafuata maelekezo? Anaachana nawe mlangoni bila vita? Anajimudu chooni? Usimkaririshe alfabeti usiku kucha. Mpeleke ameshiba, na muda wa usingizi wake ukigongana na miadi, omba wabadilishe saa. Shule hukubali haraka kuliko unavyodhani.

Kuanzia Mwaka wa 3 au wa 4 kwenda juu, kuna kusoma, kuandika na hesabu, na baadhi ya shule hutumia CAT4, kipimo cha kwenye kompyuta kinachoangalia namna mtoto anavyofikiri kwa maneno, namba, maumbo na nafasi. Hakina silabasi ya kudurusu. Atakayekuuzia tuisheni yake, muage salama.

Barua ya kukubaliwa, na ankara mbili

Barua ikija, usianze kwa kushangilia. Soma mkataba. Kwa kawaida unapewa siku chache za kulipa ada ya kujiunga, ambayo hairudi, na amana, ambayo hurudi mtoto anapoondoka ukiwa umefuata masharti. Kuna shule zinazoongeza mchango wa majengo. Uliza kama ni wa mara moja au wa kila mwaka, kwa sababu kwenye jedwali la ada hukaa chini kabisa kwa herufi ndogo. Mpaka amana iingie, hiyo barua ni karatasi nzuri tu, na kiti anaweza kupewa mwingine.

Sasa upande wa pili. Shule za mtindo huu hudai taarifa ya kuondoka ya muhula mzima, kwa maandishi, kabla ya siku ya kwanza ya muhula wa mwisho wa mtoto. Mwaka una mihula mitatu: Septemba hadi Desemba, Januari hadi Machi au Aprili, na Aprili hadi Julai. Kwa hiyo, ili mtoto aondoke Julai, barua yako iwe imefika kabla muhula wa Aprili haujafunguliwa. Ikichelewa hata siku moja, unadaiwa ada ya muhula unaofuata badala ya taarifa.

Na barua za kukubaliwa hutoka lini? Nyingine huja Mei au Juni. Ile taarifa ya siri iliyolala likizoni ilisukuma jibu letu hadi muhula umeshaanza, na nikalipa ada nzima ya kiti ambacho mwanangu hakukikalia, pamoja na ada ya kile anachokikalia. Mhasibu alinitumia risiti yenye "asante kwa ushirikiano wako".

Njia ya kupita ni hii: tuma maombi Oktoba au Novemba ya mwaka unaotangulia, ili jibu lije kabla ya Aprili. Msajili akupe kwa maandishi tarehe ya uamuzi. Soma mkataba wa shule ya sasa uone kama unaruhusu taarifa ya muda, yaani unayoweza kuithibitisha au kuifuta baadaye. Baadhi inaruhusu, ila lazima uitoe ndani ya tarehe ileile. Jibu likichelewa, iombe shule mpya ikulegezee tarehe ya amana, na ya zamani ikupunguzie ada. Ya kwanza hukubali mara nyingi. Ya pili hukusikiliza kwa makini sana.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, usiihesabu kama foleni. Wenye ndugu shuleni na watoto wa walimu hupita mbele yako hata kama umejiandikisha kabla yao. Andika kila mwanzo wa muhula kuthibitisha kwamba bado unataka, maana wasiothibitisha hufutwa bila taarifa.

Ukishalipa, omba ratiba ya wiki ya kwanza kabla ya kupanga ruhusa kazini. Watoto wa Naseri na Risepsheni mara nyingi huingia kwa zamu za nusu siku, na ratiba hiyo hutumwa mwishoni mwa Agosti, siku chache kabla ya kufungua, baada ya ofisi kuwa karibu tupu likizo nzima.