Tairi likiharibika: lizibe, badili moja, au badili mawili?

Karibu kila anayeniletea tairi huanza na swali lile lile: "Fundi, hili linazibika?" Nami hujibu kwamba nitajua nikishalitoa kwenye rimu. Wengine huona nazungusha maneno ili niwatoze zaidi. Lakini nusu ya ukweli wa tairi iko ndani, na nusu iliyobaki iko kwenye tairi mwenzake wa upande wa pili wa gari. Tundu lenyewe ndilo jambo dogo.

Kwanza lifike kwa fundi likiwa bado na heshima yake. Ukisikia gari linavuta upande au usukani umekuwa mzito, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili na uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu. Tafuta mahali tambarare na pagumu, mbali na magari yanayopita. Kama ni msumari na tairi bado lina upepo, usiuchomoe: msumari wenyewe umeziba tundu ulilolitoboa. Na kama upepo umekwisha, usijiambie "nisogee kidogo tu hadi pale." Mita mia chache zinatosha kuua tairi ambalo lingezibwa kwa dakika ishirini, kwa sababu ubavu unasagwa kati ya rimu na barabara.

Kubadilisha mwenyewe si kazi kubwa, ila ina mpangilio wake. Vuta breki ya mkono, weka gia, weka jiwe kwenye gurudumu lililo mkabala kwa pembe na lile unalolitoa. Legeza nati kabla ya kuinua gari, maana ukiinua kwanza utakuwa unalitikisa gari lililosimama juu ya jeki. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya gari karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi badala ya mguu wako. Nati zikaze kwa kuruka, moja na ya mkabala wake, kisha malizia kuzikaza gari likiwa limeshuka. Ile spea nyembamba huandikwa ubavuni mwendo wake, mara nyingi 80 km kwa saa, na nyingi huhitaji upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Ni ya kukufikisha kwa fundi. Usiigeuze makazi.

Sasa tuko kwa fundi. Tundu likiwa katikati, sehemu inayokanyaga barabara, na upana wake hauzidi milimita 6, tairi la gari dogo linaweza kuzibwa. Likiwa begani, pale sehemu hiyo inapokutana na ubavu, au ubavuni kwenyewe, halizibwi. Chini ya sehemu ya kukanyagia kuna mikanda ya waya za chuma iliyotulia. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila tairi linapozunguka, na kiraka chochote utakachobandika pale kitabanduka siku gari limebeba watu na liko kasi.

Ile kamba ya mpira inayochomekwa kutoka nje bila kutoa tairi ni ya kukutoa porini tu. Haishiki ndani, na anayeiweka hajaona chochote. Kuziba kwa kweli ni kwa ndani, kwa kiraka chenye shina: shina linajaza tundu ili maji yasifike kwenye waya na kuzitia kutu, kiraka kinazuia upepo.

Na hapo ndipo ninapowakatisha tamaa watu. Huja mtu na tairi ambalo kwa nje halina neno, tundu dogo katikati kabisa. "Ziba tu fundi, nina haraka." Nalitoa, napitisha kiganja ndani ya ubavu, kinatoka na unga mweusi kama makaa yaliyosagwa. Namwonyesha mkono. Ule unga ni mpira wa tairi lenyewe, uliosagika lilipoendeshwa likiwa tupu, na kwenye ubavu utaona mstari uliochubuka ukizunguka tairi zima. Tundu nitaliziba na upepo hautatoka. Ubavu ndio utakaopasuka. Hilo siliweki tena kwenye gari.

Nundu ubavuni vilevile haina dawa. Ulipiga shimo au ukingo, nyuzi za ndani zikakatika, na upepo unasukuma mpira uliobaki peke yake. Utamsikia mtu akikushauri utie tyubu ndani. Tyubu inashika upepo tu, haiungi nyuzi.

Kama limekufa, swali linalofuata ni ununue mangapi. Pima kina cha kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kwenye tairi mwenzake wa ekseli ile ile. Matairi mengi ya gari dogo huanza na kina cha karibu milimita 8, na vile vituta vidogo ndani ya mifereji vinaonyesha milimita 1.6, ambayo nchi nyingi zimeiweka kuwa mwisho wa kisheria. Mwenzake akiwa bado na 6 au 7, nunua moja la saizi na aina ile ile. Akiwa na 3, nunua mawili.

Mawili mapya yanafungwa nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Hapa hubishana na wateja karibu kila wiki. Sababu ni mvua. Matairi ya mbele yakielea juu ya maji, usukani unakuambia; unapunguza mafuta na gari linarudi. Ya nyuma yakielea, mkia wa gari unakuzidi mbio kabla hujajua kuna shida, na madereva wachache wanaweza kuurudisha.

Gari linaloendeshwa na magurudumu manne muda wote lina masharti zaidi. Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko yaliyolika, hivyo linazunguka kwa mwendo tofauti, na difu ya katikati, zile gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hadi inachemka. Soma kitabu cha gari. Baadhi yanadai yote manne yawe sawa.

Kwenye kununua, soma ubavu. Ukiona 195/65 R15 91H, ya 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, 91 ni alama ya uzito usiozidi kilo 615 kwa tairi moja, na H ni mwendo usiozidi 210 km kwa saa. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni kwa dereva. Kisha tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Jipya linalong'aa linaweza kuwa limezeekea dukani. Michelin, watengenezaji wa matairi, wenyewe wanasema tairi likifika miaka 10 tangu litengenezwe litolewe, hata kama linaonekana zima. La mitumba nalinunua likiwa limetolewa rimu tu. Anayekataa nisione ndani amenijibu.

Dai vavu mpya ya mpira na kubalansi. Na ulitazame lile la zamani kabla hujaliacha: likiwa limelika upande mmoja tu, fanya alaimenti (kunyoosha magurudumu) leo leo; likiwa limelika kingo zote mbili, ulikuwa unaliendesha na upepo mdogo. Upepo pima asubuhi, tairi likiwa la baridi, na usiisahau spea. Nati zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.