Somo: Chakula cha wazee, kuanzia sufuria hadi lebo

Napika katika kituo cha kulelea wazee hapa Mbeya. Jikoni za huku kwetu tunaiamini mno baridi. Juni ikifika, mtu anaacha sufuria ya maharage mezani usiku kucha, eti hali ya hewa yenyewe ni friji. Si kweli! Friji inatakiwa iwe nyuzi 5 au chini yake, na jiko letu halifiki huko hata tukivaa sweta mbili. Mzee wa miaka 80 akiharisha siku moja tu, anaweza asiinuke.

Kwanza, poza upesi. Gawa chakula kwenye vyombo vipana, kina kiwe kifupi, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Wali uangalie zaidi: ukilala nje, vijidudu huacha sumu isiyotoka hata ukiupasha ukafuka moshi.

Pili, lebo. Utepe wa karatasi na maka peni vinatosha. Andika hivi: "Maharage. Yamepikwa Jumanne 9/6, saa 6 mchana. Mwisho Ijumaa 12/6", kisha jina la aliyepika. Bandika ubavuni mwa chombo. Mfuniko usiuamini, wakati wa kuosha mifuniko hubadilishana, na maharage ya juzi yakajikuta yana tarehe ya leo.

Tatu, nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa. Unga uwe juu ya chaga, mbali na ukuta, wa zamani utangulie kutumika. Karanga zenye ukungu tupa zote. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mama. Umeme ukikatika?*
Marahaba mwanangu. Usifungue friji, ikibaki imefungwa huhimili kama saa 4. Ukizidi hapo, nyama, maziwa na viporo tupa.

*Lebo imebanduka, lakini chakula hakinuki.*
Tupa, dada. Vijidudu vingi vinavyougulisha havina harufu.

*Bibi mmoja huku Iringa anaficha chapati chini ya mto.*
Usimnyang'anye, huenda aliwahi kulala njaa. Mpe kopo lake lenye mfuniko, weka biskuti kavu, andika tarehe kwa herufi kubwa, na kila Jumatatu mbadilishie mbele ya macho yake. Bibi wa kwetu mwenye tabia kama hiyo siku hizi ananiita mwenyewe: "Mwanangu, leo Jumatatu."